Ufa wa rangi kwenye boneti hauzibwi, unachimbwa

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi, nikamwamkia, akaitikia, halafu hapo hapo akasema, "Bwana mdogo, ule ufa umerudi." Sikuhitaji kuuliza ufa gani. Ni boneti ya gari yake ya rangi ya fedha, ile niliyoipiga rangi kwa mikono yangu wiki kama saba kabla, nikaipiga klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, mpaka unaona mawingu ndani yake, nikamkabidhi funguo kifua mbele kabisa. Nikamwambia, "Ilete kaka, nione." Akaileta jioni ile ile, na kweli ufa ulikuwepo, tena pale pale, umbo lile lile, na ile kona yake kama mto kwenye ramani, utadhani kuna mtu kaufuata kwa kalamu akauchora upya.

Iliniuma sana. Sio kwa sababu alilalamika, hakulalamika hata kidogo, alisimama tu pembeni ameshika kiuno anaiangalia. Iliniuma kwa sababu nilijua nimefanya kila kitu kwa uangalifu, msasa nilipiga, praima, ile rangi ya msingi, niliweka, muda nilisubiri, na bado. Kwahiyo makala hii ni ya yeyote mwenye gari lenye rangi iliyopasuka na anataka kuirudishia, mwenyewe au kwa fundi, maana kuna kitu kimoja nilichelewa kukielewa na kilinigharimu boneti nzima kuianza upya.

Kile nilichofanya mara ya kwanza ndicho wengi wanafanya. Nilichukua msasa namba 400, nikasugua juu ya ufa mpaka nikipitisha ukucha hausiki tena, nikajazia puti laini, ule uji mzito wa kusawazisha mashimo, kidogo pale kwenye mstari, nikalainisha, nikapiga praima, nikapiga rangi, nikapiga klia. Kipimo changu kilikuwa ukucha. Ukucha ukiteleza basi ufa umeisha. Tumelelewa na ule msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ni sawa kabisa, ila kwenye rangi ya gari kuziba ufa ndio kosa lenyewe, kwa sababu ule mstari unaouona juu ni mwisho tu wa jambo lililoanza chini huko, wakati mwingine chini kabisa kwenye bati. Ukiujaza juu umeuficha, chini kule mambo yanaendelea kama kawaida.

Hebu fikiria rangi ya gari sio kitu kimoja. Kutoka kiwandani juu ya bati kuna koti la kuzuia kutu ambalo bodi nzima inazamishwa ndani ya dimbwi na kupitishwa umeme ili lishike kila kona, juu yake praima, juu yake rangi yenyewe, juu kabisa klia, na vyote hivyo kwa pamoja unene wake mara nyingi ni mikroni 100 mpaka 150 hivi, na mikroni 1,000 ndio milimita moja. Unywele mmoja wa kichwani ni kama mikroni 70. Yaani matabaka yote yale ni kama nywele mbili zimelaliana. Huo wembamba ndio nguvu yake, kwa sababu bati linatanuka likipata joto na kunywea likipoa, na boneti hasa inateseka, chini injini inachemka juu jua linawaka, halafu usiku inapoa, halafu mtu anaifunga kwa kuibamiza. Rangi nyembamba inayumba pamoja na bati. Rangi nene haiwezi, inakuwa kama udongo uliokauka, ikivutwa inakatika.

Sasa kabla hujagusa msasa, soma ufa. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nyufa hazifanani na kila moja ina sababu yake. Kuna ule mtandao wa nyufa nyingi nyembamba zilizoshikana kama tope la bwawa lililokauka, huo mara nyingi ni rangi iliyorundikwa mno, au tabaka gumu limewekwa juu ya tabaka laini ambalo halijakauka sawasawa, au mtu alipiga mkono juu ya mkono, yaani koti juu ya koti, bila kusubiri thina inayoyeyusha rangi itoke. Kuna ufa mmoja mrefu, kingo zake zimenyanyuka kidogo ukigusa unakwaruza kidole, huo unanuka puti, yaani chini kuna puti nene imekatika au imeachia bati. Kuna nyufa za duara au za nyota, hapo kitu kiligonga, mara nyingine kutoka ndani. Kuna mstari ulionyooka kama umepigwa rula, hapo kuna kiungo cha kuchomelea chini yake. Na kuna klia inayopauka kuwa nyeupe halafu inapasuka na kubanduka kama ngozi iliyoungua, hiyo ni jua limekula klia miaka mingi, na mara nyingi rangi ya chini bado nzima. Bampa la plastiki nalo lina mambo yake, plastiki inakunjika kwahiyo inataka praima yake ya kushikia na rangi inayokubali kukunjwa, ukiipiga kama bati itapasuka siku bampa likiguswa kidogo tu.

Kwenye boneti ya kaka kulikuwa na aina mbili kwa pamoja na mimi mara ya kwanza niliona moja tu. Nimekuja kuiona ya pili kwa njia rahisi ambayo naipenda mpaka leo, nitaieleza vizuri kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Osha boneti, ikauke, halafu chukua kitambaa safi kilicholowa ile dawa ya kufutia mafuta kabla ya rangi, futa sehemu pana kwa mkupuo mmoja, halafu usifanye kitu, inama tu uangalie kwa ubavu, macho karibu na usawa wa bati. Dawa inaanza kukauka, unaona ule unyevu unarudi nyuma kama maji ya ufukweni, panabaki pakavu. Ila ndani ya nyufa dawa haikauki haraka, inabaki imenasa, kwahiyo kwa sekunde tano sita hivi nyufa zote zinajitokeza kama mistari myeusi myembamba, hata zile ambazo jicho la kawaida halizioni na ukucha hauzisikii. Halafu zinapotea. Nilipofanya hivyo jioni ile nikaona ule ufa mkubwa niliouzoea, na kuuzunguka, kuelekea katikati ya boneti, mtandao mzima wa nyufa laini kama buibui, upana wa viganja viwili. Nikarudia mara tatu kuhakikisha. Kaka naye akainama akaangalia, akasema, "Kumbe yote hii imeoza." Ndio, yote ile, na mimi nilikuwa nimeshughulika na mstari mmoja.

Nikaazima kipima unene wa rangi, kile kidude kidogo unakigusisha kwenye bati kinakupa namba. Kwenye paa kikasoma 120, kwenye mlango 130, poa. Kwenye boneti pembeni kikasoma 460. Katikati 510. Nikasogea kwenye ule ufa mrefu, kikapita 1,000 halafu kikagoma kusoma kabisa. Hizo namba peke yake zilitosha kunieleza kila kitu. Mikroni 500 maana yake boneti imepigwa rangi zaidi ya mara moja bila ya kuondoa ya zamani, na mimi nikaongezea ya kwangu juu, na pale kilipogoma chini kuna puti na sio kidogo. Kama huna kipima basi sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia, ikishika kwa nguvu paa na ikishika kwa ulegevu hapo, kuna kitu kinene katikati. Nilijilaumu kwa sababu mara ya kwanza sikupima. Gari limeshapita mikononi mwa watu, huwezi kuamini kwamba rangi unayoiona ndiyo ya kwanza.

Basi nikashika msasa namba 80, ule mkali, maana namba ikiwa ndogo msasa unakuwa mkali zaidi, na kibao, nikaanza kuchimba pale penye mtandao. Hapa ndipo pazuri pa kazi hii kwangu, sijui kama kuna wengine wanahisi hivyo. Unaposugua kwa duara ukipanua taratibu, matabaka yanajitokeza kama pete za gogo lililokatwa. Pete ya nje klia yangu. Ndani yake fedha yangu. Halafu praima yangu ya kijivu. Halafu klia nyingine, fedha nyingine yenye chembe kubwa zaidi kuliko za kwangu. Halafu nyeupe. Nyeupe! Gari ya fedha, chini yake nyeupe, nene kuliko zote. Halafu praima nyekundu ya kahawia, halafu fedha ya kiwandani nyembamba na matabaka yake ya chini, na mwisho bati. Na nyufa zilikuwa zinashuka nami, napita tabaka bado zipo, napita jingine bado zipo, mpaka nilipofika kwenye ile nyeupe ndipo zikaanza kupotea, na ilipoisha nyeupe zikawa hazipo. Kwahiyo mzizi ulikuwa hapo.

Nikachukua kitambaa chenye thina nikakibonyeza juu ya ile nyeupe kama dakika moja. Nilipokiinua kilikuwa kimenata, na nyeupe imekuja nayo, imelainika kama gundi. Klia yangu pembeni yake haikuguswa hata kidogo. Hapo nikaelewa. Ile nyeupe ilikuwa rangi isiyo na hadina, yaani haina ile dawa ya kuigandisha, inakauka kwa thina kutoka tu, na rangi ya namna hiyo ukiirudishia thina hata baada ya miaka inayeyuka tena. Ni rangi yenye heshima yake, tusiidharau. Mwaka 1923 kampuni za Marekani DuPont na General Motors walipoleta ile ya nitroselulosi waliyoiita Duco, na gari za Oakland, moja ya chapa za General Motors enzi hizo, zikawa za mwanzo kuivaa, ndiyo iliyowezesha kiwanda kutoa gari lenye rangi nzuri kwa siku chache wakati kabla yake rangi na vanishi zilikula wiki na wiki kukauka. Lakini ina tabia ya kuendelea kunywea kadiri miaka inavyokwenda, na ukiipiga nene inapasuka, na ukiweka juu yake rangi ngumu ya hadina unakuwa umeweka sahani juu ya godoro. Godoro linabonyea, sahani inavunjika. Boneti ya kaka ilikuwa hivyo, godoro la nyeupe katikati na sahani mbili juu yake, moja ya fundi aliyetangulia, moja ya kwangu.

Upande wa ule ufa mrefu ndio ulinikalisha chini kabisa. Nikachimba na msasa namba 80, vumbi likawa la rangi ya krimu, puti, nikaendelea, puti, mpaka nikachukua patasi ndogo nikaisukuma pembeni ya ufa na kipande kikaruka kizima kama kigae. Nikakipima, milimita 5. Puti ni ya kusawazisha, tunaongelea milimita moja mbili, tatu ukiwa umebanwa. Chini ya kile kigae bati lilikuwa na bonde ambalo hakuna mtu aliyejaribu hata kulinyoosha, na ndani ya bonde kutu ya kahawia, kavu, yenye magamba. Puti inanyonya unyevu, hilo ni la kujua. Ikiwa imepata njia ya maji kupitia ufa mdogo tu, maji yanakaa ndani kama sponji, kutu inaota chini, kutu inavimba, inaisukuma puti, ufa unapanuka, maji mengi zaidi yanaingia. Ndio maana hata kama huna nafasi ya kutengeneza leo, ufa ulio wazi ufutwe ukaushwe na upakwe kitu cha kuzuia maji, usiachwe uonje mvua.

Kwa kuwa nyeupe ilikuwa boneti nzima, hakukuwa na namna, ilibidi yote ishuke. Kama ingekuwa eneo dogo ningechimba mpaka sentimita kadhaa kupita pale ufa wa mwisho unapoishia halafu nikafifisha kingo, ila hapa ningefifisha kuelekea wapi wakati kila upande godoro? Nikamwambia kaka itachukua siku nyingi. Akasema, "Chukua gari, mimi nitatembea." Sikusahau hilo.

Kuna wanaotumia dawa ya kubandua rangi, inafanya kazi haraka, ila kwenye boneti kingo zimekunjwa, bati la juu limekunjiwa juu ya bati la chini, na dawa ikiingia kwenye ule mkunjo hutaitoa, itakaa humo na kuja kuvuja baadaye chini ya rangi mpya na kuinyanyua. Kwahiyo kingo zote nilizifanya kwa msasa na mkono, katikati nikatumia mashine ya kusugua kwa mwendo wa polepole. Polepole kwa sababu bati la boneti ni jembamba na pana, ukiligandamiza na diski kali likapata moto linajipinda, na bati lililojipinda kwa moto ni kazi nyingine kabisa. Nilikuwa nasimama kila baada ya muda naweka kiganja, nikihisi joto naenda sehemu nyingine. Vaa maski ya vumbi, na kama gari ni la zamani sana jua kwamba rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, sugua kwa maji badala ya kujaza vumbi kwenye hewa nzima.

Bonde nililinyoosha kutoka chini, nyundo ndogo juu na chuma cha kukingia upande wa pili, pole pole, nikipitisha kiganja kilichovaa glavu nyembamba ya kitambaa kwa sababu glavu inateleza na kiganja kinasikia bonde kuliko jicho. Likabaki bonde la kama milimita moja. Kutu nikaikwangua mpaka bati linang'aa, vile vishimo vyeusi vilivyobaki nikavipaka dawa ya asidi ya fosforasi inayogeuza kutu, nikaosha, nikakausha vizuri, na siku ile ile nikafunika kwa praima ya epoksi kwa sababu bati tupu likilala usiku mmoja tu kwenye unyevu linaanza kubadilika rangi.

Puti nikaweka juu ya epoksi iliyokwaruzwa. Wengine wanaweka juu ya bati tupu lililopigwa 80 na inashika vizuri tu, kisichofaa ni kuweka puti juu ya ile praima yenye asidi ya kung'ata bati, hazipatani. Na sasa habari ya hadina, ambayo nadhani ndio imepasua rangi nyingi kuliko jua. Puti ya kawaida inataka hadina kama asilimia 2 ya uzito wake. Watu wanakamua tu kwa macho, wakitaka ikauke haraka wanaongeza, na puti iliyozidishwa hadina inakuwa kavu yenye kukatika, halafu ile hadina ya ziada inapenya juu na kuacha madoa kwenye rangi. Ukipunguza nayo inabaki laini ndani, godoro lile lile limerudi. Nilipima kwa mizani ndogo, nikachanganya kwa kukandamiza na sio kwa kukoroga ili hewa isiingie, rangi iwe moja bila michirizi, nikapaka nyembamba mara mbili badala ya nene mara moja. Ilipokauka nikasugua kavu, 80, halafu 120, halafu 180, nikimaliza na 240. Kavu, narudia. Puti haisuguliwi na maji.

Juu yake epoksi tena, halafu praima ya kujazia mikono mitatu, na kati ya mkono na mkono nikasubiri mpaka ung'avu uondoke, uso uwe butu, ndio nikapiga mwingine. Hapa ndipo uvumilivu unapopimwa, unaona imekauka juu unataka kuendelea, kumbe thina bado iko chini inatafuta njia. Ukiifunika inatoka baadaye, wiki mbili, mwezi, na inapotoka tabaka linanywea na kuvutana, ndio mwanzo wa zile nyufa za tope. Praima ilipokomaa siku ya pili nikapuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu yake, vumbi tu, nikasugua na kibao kirefu namba 320 halafu 500. Pale weusi unapobaki ni shimo, pale praima inapotoboka haraka ni mlima. Sehemu mbili weusi ulibaki, nikarudia hizo tu.

Rangi nayo. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, ila namba peke yake haitoshi kwa rangi ya fedha, kwa sababu zile chembe za alumini zinalala tofauti kutokana na mkono wako. Ukipiga yenye maji mengi chembe zinazama, rangi inaonekana nzito na ya giza, ukipiga kavu zinabaki juu, inang'aa na kupauka. Nilipiga kwanza kwenye kadi, nikaweka klia juu ya kadi, nikaipeleka juani nikaiegesha kwenye fenda, nikaitazama mbele na ubavuni. Kadi ya tatu ndio ilikubali. Bunduki ya kupulizia yenye tundu la milimita 1.3, umbali wa kama sentimita 15 mpaka 20, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, mikono miwili ya kuficha na wa tatu mwepesi wa kulaza chembe, nikaupeleka kidogo kwenye fenda zote mbili ili jicho lisione mahali rangi inapobadilika. Klia nikapiga boneti nzima na fenda nzima mpaka kwenye kingo, mikono miwili. Usikatishe klia katikati ya bati hata kama ufa ulikuwa mdogo kama kidole, ule mpaka unaofifia kuwa kitu chembamba kisicho na mshiko ndio utakaobanduka kwanza.

Nisimame kidogo kwenye klia kwa sababu hili ni la pumzi yako. Hadina ya klia na rangi nyingi za siku hizi ina isosianeti, na isosianeti ikishakuathiri mwili unaweza kuikataa moja kwa moja, unapata pumu, na baada ya hapo hata kiasi kidogo sana kinakubana kifua. Ile maski ya vumbi haifanyi chochote hapo, kitambaa ndio kabisa. Wenye karakana za kweli wanavaa maski inayoletewa hewa safi kwa mpira. Mimi sina mtambo huo, kwahiyo kazi ya klia niliipeleka kwenye chumba cha kupulizia cha rafiki mwenye vifaa, nikavaa vya kwake, glavu, suti, miwani. Kama huna namna hiyo, fanya maandalizi yote mwenyewe mpaka praima ya mwisho halafu mpe mwenye vifaa apige klia. Hakuna aibu, na kazi kubwa utakuwa umeshaimaliza, maana ufa unaondokea kwenye msasa.

Kwa mwenye tatizo dogo niseme haraka. Ukifanya ule ukaguzi wa kitambaa na ukachimba kidogo ukakuta ufa unaishia ndani ya klia tu, rangi ya chini nzima na imeshika, huna haja ya kwenda bati. Sugua klia yote ya kipande hicho mpaka nyufa zote zipotee, kama umegusa rangi rudishia rangi, halafu klia mpya. Ila usidanganyike na mng'ao wa polishi, polishi haijazi ufa, inaingia ndani yake na ikikauka inabaki nyeupe, na kama ina mafuta ya silikoni yatakusumbua siku ya kupiga rangi, yanatoa vile vishimo vya duara rangi inapokimbia.

Baada ya siku mbili nikaondoa vumbi lililonasa na msasa wa maji 2000, halafu 3000, nikasugua na kompaundi ya kung'arishia. Kipima kikasoma 190 katikati na 230 pembeni, pale penye puti 1,300 hivi, tena puti yote ya mkono wangu na ninajua iko ngapi. Kaka alipokuja kuchukua gari nilikuwa nimefungua boneti nimeinama chini yake na kalamu ya wino usiofutika. Akauliza, "Unaandika nini tena huko?" Nikamwonyesha. Upande wa ndani, karibu na bawaba ya kushoto, niliandika tarehe, halafu: imeshushwa mpaka bati, epoksi, puti kona ya kulia mbele milimita 1, epoksi, praima ya kujazia mikono 3, fedha mikono 3, klia mikono 2, zote za hadina isipokuwa fedha yenyewe. Akasoma mpaka mwisho bila kusema kitu. Miezi kumi na moja sasa imepita, kiangazi kizima kimepita juu yake, na kila akija nyumbani nachukua kitambaa, nalowesha, nafuta kwa mkupuo mmoja, tunainama wote wawili kuangalia dawa inavyokauka. Inakauka yote kwa pamoja.